Kuhesabu Fukusi Katika Ghuba ya Winam

Mtu ashukaye kutoka mji wa Kisumu kwenda Dunga hulitambua ziwa kabla ya kuliona. Kwanza huja harufu ya samaki wanaokaangwa, kisha kelele za ndege waishio katika mafunjo, kisha mitumbwi iliyopakwa rangi nyingi, imelazwa ukingoni ikikauka juani. Ziwa lenyewe hutegemea siku. Iko asubuhi ambayo maji huwa wazi mpaka chini ya vilima vya ng'ambo, na mitumbwi iliyotoka usiku huwa inarudi na omena. Iko asubuhi nyingine ambayo maji hayaonekani hata kidogo. Mahali pake pamekuwa kama konde kubwa la majani mabichi, lenye maua ya zambarau hafifu, lianzialo miguuni pa mtu na kuishia mbali asikoweza kuona. Mgeni huyasifu maua hayo na kutaka apigwe picha. Mvuvi hukaa juu ya mtumbwi wake uliofungwa, akatazama upepo unavuma kutoka wapi, maana upepo ulioleta konde hilo ndio peke yake uwezao kuliondoa siku ile.

Konde hilo ni gugu maji. Asili yake ni nchi za mto Amazon katika Amerika ya Kusini, na lililolisafirisha duniani ni uzuri wake. Watu walilipanda katika vidimbwi vya bustani zao kwa ajili ya maua, nalo likatoroka. Lilifika Misri katika karne ya 19, na katika miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha kuingia katika mto Kongo na katika Nile ya Sudani. Katika Kenya lilionekana katika Ziwa Naivasha mwaka wa 1988. Karibu na wakati huo huo, kati ya mwaka wa 1988 na 1990, watu wa Uganda, Tanzania na Kenya, kila mmoja kwa upande wake, walianza kuliona katika Ziwa Victoria. Mlango wake mkubwa ulikuwa mto Kagera, ambao huchukua maji ya Rwanda na Burundi na kuyamwaga katika ziwa upande wa magharibi. Mlango huo haujafungwa mpaka leo.

Gugu hili halihitaji udongo. Vikonyo vya majani yake vimejaa hewa kama boya, na mizizi yake, myeusi na laini mfano wa nywele, huning'inia majini ikinyonya rutuba iliyomo. Mmea mmoja hutoa kitawi pembeni, na mwisho wa kitawi huzaliwa mtoto. Mtoto naye hutoa kitawi chake, na wote hubaki wameshikana. Katika maji yenye joto na rutuba, gugu huweza kuwa maradufu kwa muda wa majuma mawili au pungufu. Tena lina mbegu, ambazo huzama katika tope na kungoja huko, hata miaka 20, mpaka maji yapungue na mwanga uzifikie.

Kama mtu angetaka kulichagulia gugu hili makao, asingepata mahali bora kuliko Ghuba ya Winam. Ni mkono wa ziwa ulioingia bara, maji yake ni ya kina kifupi, na mlango wake karibu na kisiwa cha Rusinga ni mwembamba. Mito kama Nyando na Sondu-Miriu huteremka kutoka milimani ikipita katika mashamba, ikaleta udongo na mbolea iliyooshwa na mvua, na maji machafu ya miji huongezeka juu yake. Kisha upepo wa mchana hutoka upande wa ziwa kubwa na kusukuma kila kielealo mpaka ukingoni. Kilichoingia Winam hakitoki kwa urahisi.

Watu wazima wa Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay wanaikumbuka miaka ya 1997 na 1998 kama vile wazee wa mahali pengine wanavyoikumbuka miaka ya nzige. Mwezi wa Novemba 1998 picha zilizopigwa na setilaiti zilionyesha ya kuwa gugu limefunika hekta zaidi ya 17,000 katika ghuba hiyo peke yake, yaani ekari zaidi ya 40,000. Meli zilishindwa kufika katika gati la Kisumu. Mitumbwi iliyotoka usiku ilifungiwa njia ya kurudi, na wavuvi wakashinda juu ya maji bila chakula, wakivuta majani kwa mikono mpaka viganja vikachubuka. Nyavu zilichukuliwa na magugu yaliyokuwa yakitembea, zisionekane tena, na wavu ni mali ambayo mvuvi huikopea fedha. Wanawake waliouza samaki sokoni walirudi nyumbani na vikapu vitupu. Ngege walikuwa adimu, bali kamongo na mumi, ambao huvumilia maji yasiyo na hewa safi, waliongezeka, na watu waliokuwa hawapendi kamongo wakajifunza kumla. Chini ya majani palikuwa na konokono waletao kichocho, na juu yake nyoka. Huko Jinja, katika Uganda, magugu yalikwenda kuziba vichujio vya mitambo ya umeme ya Owen Falls.

Shauri la kuliondoa lilizungumzwa kwa miaka mingi, na kila njia ilikuwa na watu wake. Wengine walivuta kwa mikono na reki. Kazi hiyo hufaa penye gati la mitumbwi, lakini mahali palipofunguliwa Jumatatu huwa pamefungwa tena Ijumaa. Wengine walitaka sumu inyunyizwe, na wengine wakapinga vikali, kwa sababu maji hayo ndiyo yanywewayo na ndiyo yatoayo kitoweo. Mwaka wa 1999 mashine zilizokata magugu na kuyaponda zililetwa katika ghuba, zikafanya kelele nyingi na kazi kiasi. Wako pia waliojifunza kukausha vikonyo na kusuka viti, vikapu na mikeka, na wasukaji wa Dunga wanaendelea na kazi hiyo hata sasa. Ni kazi njema na huleta ada ya shule, lakini asidhani mtu ya kuwa viti vitalimaliza ziwa. Njia iliyobaki ilikuwa ile iliyochekwa sana mwanzoni, nayo ni ya kulitafutia gugu adui yake wa kwao.

Adui huyo ni fukusi, ndugu wa mbali wa wale wanaotoboa mahindi ghalani. Wako wa namna mbili, na majina yao ya kitaalamu ni Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Wote wawili ni wadogo, yapata milimita tano kwa urefu, wana rangi ya tope na pua ndefu iliyopinda chini. Mmoja ana utepe mpana wa rangi hafifu mgongoni, mfano wa herufi V. Mwenzake hana utepe huo, bali ana vistari viwili vyeusi. Jike hutoboa kikonyo na kutaga ndani yake. Yai likianguliwa hutoka funza mweupe asiye na miguu, mwenye kichwa cha rangi ya machungwa, ambaye hula akishuka ndani ya kikonyo mpaka afike katika moyo wa mmea. Maji hufuata njia aliyoitoboa, na uozo hufuata maji. Mwisho funza hutoka, akajifunga katika kifuko cha mviringo kwenye mizizi chini ya maji, na humo hugeuka kuwa fukusi kamili. Safari hiyo yote, kutoka yai mpaka fukusi, huchukua yapata miezi mitatu, mara nyingine minne.

Msomaji na apime mwenyewe: gugu huwa maradufu kwa majuma mawili, na adui wake huzaliwa kwa miezi mitatu. Ndiyo maana mahali pote alipopelekwa, fukusi huyu amehitaji miaka mitatu, minne au mitano kabla kazi yake haijaonekana kwa macho. Aliachiliwa kwanza katika Marekani, jimbo la Florida, mwaka wa 1972, na Sudani ilimpokea mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Waganda walimtia katika Ziwa Kyoga mwaka wa 1993 na katika Ziwa Victoria mwaka wa 1995. Katika Kenya alipitia karantini kwanza, kisha akafugwa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo katika kituo cha Kibos, karibu na Kisumu, ndani ya matangi yaliyojaa magugu, ambayo yalitunzwa na kutiwa mbolea kama miche ya kahawa. Ilikuwa ajabu kwa watu kuona gugu likibembelezwa Kibos hali ndugu zao wanalilaani bandarini, maili chache tu kutoka hapo. Fukusi wa kwanza walitiwa katika ghuba mwezi wa Januari 1997, na baada yao makumi ya maelfu.

Swali la kwanza la watu wa ukingoni lilikuwa la haki. Mzee mwenye shamba juu ya ufuko humwuliza mtumishi wa kituo: “Kijana, wadudu wako wakimaliza magugu watahamia wapi? Si katika mahindi yangu?” Naye hujibu: “La, Jaduong'. Hawa pasipo gugu hufa njaa.” Jibu hilo halikutungwa kwa kumridhisha mzee. Kabla ya fukusi kuachiliwa katika nchi mbalimbali, walijaribiwa kwa mimea mingi, pamoja na ile ya chakula, nao wakawa hawawezi kuzaa na kukuza watoto wao ila juu ya gugu maji. Mzee husikiliza, akatikisa kichwa, na kusema ya kuwa atatazama mwenyewe. Wataalamu hawawezi kumlaumu, kwa kuwa wao nao wanafanya lilo hilo.

Maana kuachilia wadudu ni kazi ya siku moja, na kuwatazama ni kazi ya miaka. Safari ya kuhesabu huanza alfajiri, kabla ya upepo wa mchana kuamka. Katika mashua huwa na watu watatu au wanne: nahodha, ambaye mara nyingi ni mvuvi ajuaye magugu yamelala wapi; mmoja wa kushika fremu; mmoja wa kukata; na mmoja wa kuandika. Mashua hukaribia ukingo wa konde taratibu, mashine imezimwa, kwa sababu rafadha ikijizungushia mizizi huwa ni kazi ya saa nzima kuifungua. Hapo husukumwa kwa upondo. Nahodha hupiga majani kwa upondo huo kabla ya mtu kuingiza mkono. Sababu yake haisemwi. Kila mtu anajua habari ya nyoka.

Fremu ni mraba wa mbao au wa bomba jepesi, nusu mita kila upande. Hulazwa juu ya magugu bila kuchagua, kwa kuwa mtu achaguaye mahali huchagua palipo na jibu analolitaka. Mimea yote iliyomo huhesabiwa. Kisha michache hung'olewa na kupandishwa mashuani, ikichuruzika maji, mizito kuliko inavyoonekana. Kikonyo kirefu kuliko vyote hupimwa, na majani huhesabiwa. Ndipo hutafutwa jani la pili kutoka katikati, lile ambalo limefunguka si zamani, na makovu yake huhesabiwa moja moja. Fukusi mzima hula ngozi ya juu ya jani, akaacha alama ndogo ya rangi ya kahawia, milimita mbili au tatu kwa upana, karibu ya mraba. Jani la nje lenye makovu mengi huhadithia mambo ya zamani. Jani la pili huhadithia juma hili. Jani la nje likiwa limechakaa, na la pili likiwa safi, mwandishi huandika kimya kimya, na wote hujua ya kuwa fukusi walikuwapo hapa nao wamepungua.

Baadaye mmea hufumuliwa. Fukusi huchukia jua, na mchana hujificha chini kabisa, pale majani yanapokutana, au ndani ya jani changa lililojikunja kama sigara. Kuwatafuta ni kazi ya vidole na ya subira. Mtu asiyezoea hutazama mmea wote na kusema hakuna kitu. Mzoefu huuchukua ule ule na kutoa wanne. Kisha kisu hupasua vikonyo ili funza na njia zao zionekane, na mizizi husukwasukwa kutafuta vile vifuko. Mtu hupinda mgongo tangu saa kumi na mbili mpaka saa tano, mikono ikinuka tope lililooza, na faida ya asubuhi yote ni ukurasa mmoja wa tarakimu.

Tarakimu hizo zina maana kwa asomaye. Pakiwa na makovu mengi lakini hakuna funza, wageni wamefika na hawajazaa. Pakiwa na funza wengi ndani ya vikonyo vifupi, na majani machache, na maua yamekoma, na mmea umekaa chini katika maji badala ya kusimama juu yake, basi konde hilo linakufa, ijapokuwa kwa mbali bado ni la kijani. Na pakiwa na majani marefu kufika kiunoni pa mtu, yanayong'aa, yenye kovu moja hapa na jingine kule, hapo gugu linakua upesi kuliko linavyoliwa, na mtaalamu hujua ya kuwa rutuba ya maji inalisaidia. Jambo hilo huonekana zaidi karibu na vinywa vya mito na mahali ambapo maji machafu ya mji huingia.

Shida kubwa ni kwamba shamba hili hutembea. Mkulima akitaka kujua kama dawa imefaa hurudi katika mstari ule ule wa mahindi. Mhesabu wa fukusi hurudi mahali pale pale juu ya ramani na kukuta maji matupu, au kukuta konde jingine lililotoka Homa Bay usiku, lenye historia yake mbali. Ndiyo sababu hufunga vitambaa vyekundu juu ya vijiti na kuvichomeka katikati ya magugu, akawaomba wavuvi wampe habari wakiviona. Wavuvi wameviona vitambaa hivyo mahali pa ajabu. Ndiyo sababu pia huhesabu mahali pengi badala ya pamoja, ili makosa ya upepo yapotee katika wingi wa hesabu.

Mtu mwenye haraka ataona kazi hii ni ndogo mno. Lakini yaliyotukia mwisho wa karne iliyopita yanatosha kuonyesha uzito wake. Baada ya kilele kile cha Novemba 1998, magugu ya Winam yalianza kugeuka rangi ya kahawia, yakavunjika vipande, yakazama. Ilipofika mwanzo wa mwaka wa 2000 karibu yote yalikuwa yametoweka. Meli zilirudi katika gati. Watu walifurahi, kisha wakaulizana: ni nani aliyeyaondoa?

Wengi walisema ni fukusi. Lakini mwishoni mwa 1997 mpaka katikati ya 1998 zilinyesha zile mvua kubwa za El Niño. Maji ya ziwa yalipanda zaidi ya mita moja na nusu, mawingu yalizuia jua, na mawimbi yaliyararua magugu ukingoni. Mwaka wa 2005 wataalamu Williams, Duthie na Hecky waliandika wakiuliza kama sifa waliyopewa fukusi haikuwa haki ya hali ya hewa. Mwaka wa 2007 Wilson, pamoja na wenzake wengi waliofanya kazi ya fukusi katika nchi mbalimbali, waliwajibu kwa nguvu ya kuwa fukusi ndio waliofanya kazi.

Ubishi huo haukuwa wa vitabu tu. Kama mvua ndiyo iliyosafisha ziwa, basi kufuga wadudu Kibos kulikuwa kupoteza fedha, na watu wa Nyanza hawana la kufanya ila kungoja El Niño nyingine. Kama ni fukusi, basi kila mashine inayokata na kila sumu inayonyunyizwa juu ya konde lenye funza inaua askari pamoja na adui, na konde jipya litakalokuja halitakuwa na mlinzi. Serikali yenye mfuko mdogo inapaswa kujua jibu kabla ya kutia saini mkataba.

Na jibu, kadiri lilivyopatikana, limo katika tarehe na hesabu. Mvua ziliwanyeshea Waganda na Wakenya kwa wakati mmoja. Lakini Waganda walikuwa wametangulia kutia fukusi, mwaka wa 1995, na magugu yao yalianza kuporomoka mwaka wa 1998. Wakenya walifuata mwaka wa 1997, na magugu yao yakaporomoka mwaka wa 1999. Tena gugu la Winam lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote baada ya mvua zile kupita. Mambo hayo yanaelemea upande wa fukusi. Yamkini mvua na mawimbi vilisaidia kuvunja mimea iliyokwisha kutobolewa ndani, kama vile upepo uangushavyo nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa, na ni vigumu kuona kwa nini mmoja wao apewe sifa yote. Lakini walioshindana walitegemea zile kurasa za tarakimu zilizoandikwa na watu waliopinda mgongo mashuani. Pale ambapo hakuna aliyehesabu, hakuna awezaye kuhesabu leo magugu yaliyozama wakati ule.

Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo. Siku ya kuachilia wadudu hukosa nafasi ya kusimama: wakubwa huja, ndoo hushikwa na watu watatu ili wote waingie katika picha, hotuba husomwa. Siku ya kuhesabu, miaka miwili baadaye, mafuta ya mashua hutafutwa kwa shida. Mradi ukiisha, wa kwanza kuachwa ni mhesabu, kwa sababu hakuna aonaye hasara siku ile ile.

Hasara ilionekana baadaye. Mwishoni mwa mwaka wa 2006 mvua kubwa zilinyesha tena, mito ikaleta udongo mwingi katika ghuba, na mbegu zilizokuwa zimelala katika tope zikaamka. Mwaka wa 2007 Winam ilikuwa imefunikwa tena kwa sehemu kubwa. Watu walisema fukusi wameshindwa, lakini mambo hayakuwa hivyo. Fukusi hawaishi pasipo gugu. Magugu yalipozama, wengi wao walikufa pamoja nayo, na wachache waliosalia katika majani ya ukingoni walihitaji tena miezi yao mitatu kwa kila kizazi, hali gugu lilihitaji majuma mawili. Fukusi huyu pia huruka mara chache, akasafiri zaidi kwa kupanda konde linaloelea. Hapo ndipo hesabu ingeweza kusaidia. Mtu ajuaye ya kuwa konde jipya la Kusa halina makovu huweza kuchukua mimea yenye funza kutoka mahali pengine na kuitia katikati yake mapema, kabla halijawa kubwa. Asiyejua hungoja mpaka gati lifungwe.

Tangu wakati huo gugu limekuja na kwenda mara nyingi. Hukaa miezi, likapungua, likarudi baada ya mvua. Mahali pengine, magugu yaliyochoka hugeuka kuwa sakafu ambayo nyasi ndefu za majini huota juu yake, na nyasi hizo fukusi hawazigusi kabisa. Konde la namna hiyo ni gumu kuliko la kwanza, na wavuvi hulichukia zaidi, kwa kuwa upondo hauingii. Wahesabu hulazimika kuliandika katika safu yake peke yake. Na mkondo wa Kagera bado huleta mimea michanga, na mito ya Winam bado huleta mbolea. Mambo hayo mawili hayawezi kuliwa na mdudu yeyote.

Hata hivyo miaka ile ya 1997 na 1998 haijarudi kwa namna ile ya kukaa juu ya ghuba yote bila kuondoka. Wavuvi wazee wa Dunga husema ya kuwa majani ya siku hizi si yale, ni mafupi, na yakishikwa hukatika. Hawahesabu makovu, bali wamevuta magugu hayo kwa mikono yao miaka 30, na mikono yao inakubaliana na kurasa za wataalamu katika jambo hilo. Baadhi yao sasa huokota jani, wakaligeuza kuelekea mwangani na kumwonyesha mtoto zile alama ndogo za kahawia.

Yapata saa tano uso wa ghuba huanza kukunjamana. Ni upepo kutoka upande wa Rusinga. Fremu hutolewa, mimea iliyofumuliwa hurudishwa majini ili funza waliosalia wamalize safari yao, na daftari hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nahodha hugeuza mashua kuelekea Dunga kabla ya njia kufungwa. Nyuma yao konde linaanza kusogea, polepole kama ng'ombe wanaotoka malishoni, na kitambaa chekundu kilichochomekwa asubuhi kinakwenda nalo. Mwandishi huchukua alama ya mahali kilipo, ingawa anajua ya kuwa juma lijalo hakitakuwapo, na itabidi waulize kwa wavuvi tena.